Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Kutoka Ujiji Kwenda Pwani

Msomaji mpenzi, wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nilikuwa na tatu. Kulikuwa na basi, kulikuwa na treni, na kulikuwa na ndege kwa mwenye mfuko mnene. Kutoka kwetu Ujiji hadi Bagamoyo, mtu wa leo anachagua usafiri kama anavyochagua migebuka mwaloni, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu bei yake siiwezi. Basi ngoja nikusimulie nilivyochagua mimi, na walivyochagua walionitangulia, kwa sababu nimekuja kuona kwamba sehemu kubwa ya historia ya mji wetu imo ndani ya swali hilo moja: utakwenda na nini?

Ilikuwa mwaka 2023, Jumapili moja baada ya adhuhuri, simu ikalia kutoka Bagamoyo. Bibi mdogo, ndugu yake bibi yangu, hali yake si nzuri. Yeye aliolewa na mfanyabiashara wa dagaa na mawese, akamfuata mumewe pwani, na huko akazeekea. Bibi yangu aliisikiliza habari yote kimya, kisha akasema neno moja tu, "Nipelekeni."

Tukakaa kikao barazani. Mjomba alikuwa na fedha ya tiketi moja ya ndege, lakini bibi peke yake angekwendaje, mtu ambaye hata kupanda daladala ya Mwanga hushikwa mkono? Mama akasema tupande basi la kesho alfajiri, Jumanne asubuhi tutakuwa Dar es Salaam. Mimi nikasema treni.

Nilitoa hoja kama wakili. Magoti ya bibi, kwanza. Kwenye basi atakaa miguu imekunjwa mchana kutwa na usiku kucha, lakini kwenye behewa la vitanda atalala, atanyoosha mgongo, na choo kiko hatua chache. Nauli nayo ni nafuu. Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Lakini nilikuwa na hoja nyingine ambayo sikuitoa mfukoni. Mimi, msomaji, naandika riwaya. Nina miaka 24, nilimaliza kidato cha nne, kazi ya maana sina, ila nina madaftari manne yenye habari za msafara mmoja wa kutoka Ujiji kwenda pwani. Reli yetu inafuata kwa kiasi kikubwa njia ile ya misafara. Nilitaka kukaa dirishani niitazame nchi waliyoipita watu wangu wa kubuni. Treni ilikuwa haiondoki mpaka Jumanne jioni. Nikasema, siku moja na nusu ya kungoja si kitu.

Bibi akanitazama, akacheka kidogo. "Haya, mume wangu ameshaamua." Unajua bibi zetu wanavyowatania wajukuu. Basi ikawa treni.

NJIA YA MIGUU

Siku ile ya kungoja niliitumia kusoma. Kwa hiyo twende nyuma kidogo.

Kabla ya reli, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Misafara ilipita Uvinza kwenye chumvi, ikavuka mto Malagarasi, ikafika Tabora, ikakata Ugogo mpaka pwani. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi. Kuja bara walileta nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya kujivunia, wakiingia kwa mapatano na kulipwa ujira. Lakini humohumo walikuwamo watu waliofungwa minyororo, walionunuliwa au kutekwa ng'ambo ya ziwa na kupitishwa hapa Ujiji. Hao hawakuulizwa watakwenda na nini.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Hesabu mwenyewe, ni kama miezi minane. Burton alifika mgonjwa, baada ya kubebwa kwenye machela katika sehemu za safari, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Sasa jiulize, waliobeba machela waliugua nini? Vitabu vingi havisemi.

Huenda utauliza, kwa nini mabega ya watu? Kwani punda hawakuwapo? Ng'ombe je? Walijaribiwa wote, ndugu yangu. Mwaka 1877 wamisheni wa London Missionary Society waliondoka pwani na mikokoteni ya kukokotwa na maksai wakielekea ziwani kwetu. Mbung'o wakawapiga maksai, wakafa, mikokoteni ikaachwa njiani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta ndovu wanne wa Kihindi, waliofundishwa kubeba mizigo. Wakashushwa Msasani, wakapelekwa bara kuelekea Karema, kusini mwa ziwa. Ndovu wakaanza kufa njiani na mpango nao ukafa. Fikiria kituko hicho! Ndovu wa Afrika wanawindwa ili pembe zao zibebwe na binadamu, na ndovu wa Bara Hindi wanavushwa bahari ili wabebe mizigo ya binadamu.

Kuna na Annie Hore, mke wa mmisheni Edward Hore. Mwaka 1884 alisafiri kutoka pwani hadi Ujiji akiwa na mtoto wake mdogo, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa kilichobebwa na wapagazi. Mwaka 1886 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Nikisoma habari zake huwa nacheka, halafu nanyamaza. Yule mama alikuwa na mtoto. Alichagua kama mama yeyote angechagua, na mabega ya watu wengine yakalipa.

Kuchagua hakukuwa kwa chombo tu. Kulikuwa na kuchagua njia. Henry Stanley alipokuwa akimtafuta David Livingstone mwaka 1871, aliikuta njia ya kawaida kutoka Tabora imefungwa na vita vya Mirambo. Akazunguka kusini, akarudi kaskazini kuvuka Malagarasi. Alipofika Uha akakuta kila mtawala anadai hongo, yaani ushuru wa njia, nguo kwa marobota. Alipoona mali inakwisha, aliwatorosha watu wake usiku kupitia porini, kimyakimya, ili asilipe tena. Hivyo ndivyo alivyofika Ujiji na kumkuta mzee chini ya mwembe. Dunia nzima inakumbuka salamu. Mimi nakumbuka ule usiku wa kunyatia, kwa sababu mtu anayewahi kitu hupita pasipopitika.

MAJI YALIPOTUKIMBIA

Ukienda leo kwenye makumbusho ya Livingstone hapa Ujiji utashangaa. Vitabu vinasema mji ulikuwa kando ya maji, lakini kutoka pale hadi ufukweni una kipande cha kutembea. Maji yalikwenda wapi?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Miaka ile mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji yakawa yamejaa. Mnamo 1878 kizibo kikapasuka. Ziwa likaanza kushuka mwaka hadi mwaka, mpaka mwisho wa karne likawa limeshuka kwa takriban mita 10. Kwenye ufuko wa Ujiji, ulio bapa, maji yakarudi nyuma sana, na vyombo vikapata taabu ya kutia nanga. Jirani yake, kilomita chache tu kaskazini, kulikuwa na ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyokingwa na upepo.

Wajerumani walipoleta reli hawakuangalia nani mkongwe. Waliangalia kina cha maji. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na tarehe 1 Februari 1914 ikafika Kigoma. Ujiji, mji uliojulikana hadi Muscat na London, ukaachwa kando kwa kilomita chache.

Sasa tazama upande wa pili wa njia. Bagamoyo nayo ilikuwa na ufuko bapa usiofaa meli kubwa. Wajerumani wakahamisha makao yao makuu kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ikaanzia huko. Miji miwili iliyoshika ncha mbili za njia ya misafara, yote miwili ikapitwa. Leo Bagamoyo watu huenda kupumzika, kuna hoteli za ufukweni, watalii wanapiga picha kwenye magofu. Kwetu wanakuja kuuona mwembe. Bibi na mdogo wake, mmoja yuko ncha hii na mwingine ncha ile. Ni bahati tu, lakini nilipoligundua hilo, usiku ule wa Jumatatu, niliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa.

NJIA YA CHUMA

Reli ilipofika, miezi mingi ikawa siku chache. Ungedhani mabega ya watu yangepumzika. Wapi! Agosti 1914 Vita Kuu ikaanza, na Waafrika maelfu kwa maelfu wakatwishwa mizigo upya, wa Wajerumani na wa maadui zao. Wengi mno hawakurudi makwao.

Na meli yetu, Liemba, ilizaliwa ndani ya mambo hayo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa upya Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 2015, ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ikawaleta Kigoma. Wale nao hawakuwa na njia mbili za kumshinda fisi. Walikuwa na meli moja.

Kwa hiyo unaona, msomaji. Kila chombo kipya kinapofika tunasema sasa watu watachagua. Lakini mwenye kuchagua na mwenye kulipa mara nyingi si mtu mmoja. Hili nililiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, nikajiona mwanafalsafa. Sikujua bado kama linanihusu.

SAFARI YETU

Jumanne jioni tukaondoka Kigoma. Stesheni ile ya Kijerumani ilijaa magunia, ndoo za mawese na watoto waliolala juu ya mizigo. Bibi alipanda kitanda cha chini, akafurahi kama mtoto. "Hiki ni kitanda kabisa," akasema. Nikajisifu moyoni.

Nikakaa dirishani na daftari langu. Tulipita Luiche, jua likazama. Tulipofika Uvinza kulikuwa giza. Malagarasi, ule mto niliousubiri, ule uliovushwa misafara kwa mitumbwi na ushuru, tuliuvuka usiku mnene. Sikuona kitu. Nilichokiona kwenye kioo ni sura yangu mwenyewe imeshika kalamu. Nguruka wakaja wauzaji na taa zao, wakapiga kelele chini ya madirisha, wakapotea.

Alfajiri ya Jumatano tukaingia Tabora. Wakati watu wanashuka kununua asali, simu ikalia. Alikuwa mjomba. Bibi mdogo amefariki usiku wa kuamkia leo. Atazikwa leohii baada ya swala ya alasiri. Waislamu hatuwaweki maiti wetu.

Sikujua nimwambieje. Nikarudi behewani, bibi akanitazama usoni, akajua. Hakupiga ukelele. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akageukia ukutani. Baada ya muda akaniuliza, "Lile basi la Jumatatu lingefika lini?"

Nikamwambia kweli. Jumanne asubuhi Dar es Salaam, adhuhuri Bagamoyo.

"Jumanne alikuwa anazungumza," akasema. "Walituambia, si ndiyo? Alikuwa anazungumza."

Treni haikuwa na kosa lolote. Iliondoka saa yake, ikaenda kama ilivyosema itakwenda. Kosa lilikuwa la mchaguaji. Nilikuwa na hoja nne za kweli, na ya tano iliyofichwa ndiyo iliyoamua.

Saa ya alasiri tulikuwa mbele ya Saranda, tumeshawapita wale wauza kuku wanaosifiwa na kila msafiri wa reli hii. Bibi hakula. Akaniomba maji, akatawadha mlemle kwenye mtikisiko, akaswali amekaa kitandani. Nilihesabu kwamba wakati ule walikuwa wanamshusha mdogo wake kaburini, na sisi bado tulikuwa na usiku mzima wa kwenda.

Tulifika Bagamoyo Alhamisi mchana. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Bibi alikaa pale mpaka watu wakaanza kuulizana kwa macho. Siku ya tatu akaomba apelekwe kuiona bahari, maana hajapata kuiona maishani. Akasimama kwenye mchanga, akatazama kule wanakotengenezea majahazi, akasema, "Mbona kama letu tu." Kisha akainama, akachovya kidole, akaonja, akatema. "Hapana. Lina chumvi."

Tulipotaka kurudi nilikaa kimya, nikamwachia yeye. Akachagua basi. Magoti yake yalivimba kwa wiki mbili, na sikumsikia akilalamika hata siku moja.

KWA WENZANGU MNAOANDIKA

Leo habari za usafiri zimebadilika tena. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Ikikamilika, mtoto atakayezaliwa Ujiji atacheka akisikia tulilala njiani. Nami nitafurahi. Haraka ni kitu kizuri sana, na anayeidharau hajawahi kungojewa na mgonjwa.

Lakini nawaomba kitu kimoja, ninyi wenzangu mnaoandika na mnaotaka kuandika. Tunapenda mno msafiri. Hadithi zetu zimejaa Stanley, zimejaa viongozi wa misafara, zimejaa kijana aliyekaa dirishani na daftari. Tunamsahau aliye mwisho wa njia, anayehesabu siku. Tunamsahau na mwenye bega. Kabla hujamwandika msafiri wako, jiulize: nani alichagua chombo hiki, nani alilipa, na nani anangoja?

Nimeyafungua tena yale madaftari manne. Shujaa wangu alikuwa kiongozi wa msafara, mrefu, hodari, anajua nyota zote. Nimemwondoa. Sasa riwaya inaanza Bagamoyo, kwa mwanamke anayeuza maandazi kwenye njia wanakotokea wapagazi, na kila msafara unapoingia huinua macho akitafuta sura moja kutoka Ujiji. Bado sijajua kama itafika. Kurasa nilizoandika usiku ule ndani ya treni nimezichana, isipokuwa moja, yenye saa za kuondoka na za kufika. Hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Bibi hajui kusoma. Juzi aliniuliza ile karatasi ni ya nini. Nikamwambia ni ya nauli.